Mashine Kwenye Pindo la Kanga

Mama yangu hajawahi kukubali kwamba hasikii. Watu wa mtaa wetu hapa Tandika wanajua, watoto wa chuoni wanajua, hata muuza maji wa mkokoteni anajua, maana siku hizi hapigi hodi tena; anaingia moja kwa moja mpaka uani ajionyeshe. Aliyebaki nyuma ya habari ni Bi Tunu mwenyewe. Ukimwambia neno lisimfikie, hasemi "sikusikia." Anatikisa kichwa, anatabasamu, anasema "Inshallah," nawe unaondoka ukidhani mmekubaliana.

Inshallah hiyo imenizeesha. Siku Mama Salumu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipokuja analia kusema mumewe amefia hospitali, mama alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Mashallah, hongera mwanangu." Mie nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ikabidi niache gauni la watu, nimkumbatie Mama Salumu, halafu nimgeukie mama nimpigie ukelele sikioni kwamba Baba Salumu amekufa. Mtaa mzima ulipata habari za msiba kwa sauti yangu.

Lakini msimwone hivi mkamdharau. Bi Tunu ni mwalimu wa chuo. Alianza akiwa msichana, akimsaidia bibi yangu kusomesha watoto Kurani kwenye baraza hiihii, na bibi alipofariki mkeka ukabaki mikononi mwake. Nusu ya watu wazima wa hapa walianza alifu kwa kijiti chake. Amemzika mume, ameoza watoto, ameona mitaa ya nyumba za udongo ikiota maghorofa, na katika yote hayo kila siku baada ya alasiri mkeka ulitandikwa. Anasema mwenyewe kwamba siku chuo kikifungwa atakuwa bibi kizee wa kuota jua, na mtu wa kuota jua hakai sana.

Namna yake ya kusomesha ni moja. Mtoto anakuja mbele, anakaa, anasoma huku akitikisika, na mama anapiga fimbo yake ya henzerani mkekani, taratibu, akifuata mwendo. Macho yake hayatoki mdomoni kwa mtoto. Mie nilidhani ndiyo ukali wa walimu wa zamani. Kumbe alikuwa anasikiliza kwa macho, na amefanya hivyo sijui tangu lini, maana sikio haliagi. Linaondoka kidogo kidogo kama chumvi kwenye unyevu.

Balaa lilianza kwa adabu. Sheikh Fakihi, imamu wa msikiti wetu, kijana aliyesomeshwa na mama huyuhuyu, alikuja na tende, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Bibi, umetufaa sana," alisema. "Sasa pale msikitini tumejenga madrasa, ina feni, ina vigae. Maulidi ya Mfungo Sita yakipita, ukishamhitimisha huyu mwanafunzi wako Marijani, tunaomba upumzike. Watoto waje kwetu."

"Inshallah," alisema mama, na akamtabasamia.

Sheikh alishukuru, akabusu mkono, akaenda zake. Mie nilibaki nimeshika mkasi. Nilipomfuata mama na kumweleza kwa makelele kwamba ametoka kutoa chuo chake kwa hiari yake, alichukua tende moja akaitia mdomoni.

"Nani kasema nimechoka?" aliuliza.

"Wewe, mama. Umesema Inshallah."

"Nilidhani anasemea tende."

Kaka yangu Anwar, anayekaa Bunju na familia yake, alikuwa ameshaahidi kitambo kumnunulia mashine za masikio. Aliyekuwa hataki ni mama. Alisema vidude vile ni vya viziwi. Ila jioni ile, akiwa bado na kokwa ya tende mdomoni, aliniambia nimpigie Anwar simu. Alikuwa na miezi michache tu ya kumwonyesha Sheikh kwamba bado anaweza kumsikia mtoto akisoma.

Kliniki ilikuwa Ubungo. Aliyetupokea ni dada mmoja wa Rungwe, Tupokigwe, mtu wa sauti ya chini asiyejua haraka. Alimpima mama, akamvisha mashine mbili nyuma ya masikio, akamweleza polepole.

"Bibi, masikio yako yamelala miaka mingi. Tunayaamsha kidogo kidogo. Vaa kila siku, anzia ndani, saa moja, mtu mmoja anaongea na wewe. Kisha ongeza. Mwanzoni kila kitu kitakuwa kelele, halafu kichwa kitazoea. Usianzie kwenye kelele, na usikae siku bila kuvaa. Umenielewa?"

"Inshallah."

Tupokigwe akaweka kalamu chini. "Nimesema nini, bibi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mama swali hilo. Aliniangalia mie, akaangalia dari, akaangalia viatu vyake.

"Umesema mambo mazuri," alijibu.

Dada wa watu akarudia yote tangu mwanzo. Mie damu ilikuwa inanichemka, yeye wala.

Sasa sikilizeni alichofanya mwanamke huyu. Alifika nyumbani, akavua mashine, akazifunga kwenye leso, akaziweka kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe ambavyo sie watoto wake hatujawahi kuvinywea. Nikamuuliza. Akasema kitu kipya ni cha kutokea, hakivaliwi kwenye kukuna nazi. Nilimwimbia maneno ya Tupokigwe mpaka koo likauma. Siku zikapita. Kilichomfanya alifungue kabati ni arusi ya mjukuu wa jirani mtaa wa pili, na ndipo alipozivaa mara ya kwanza, na dera lake la maua na udi mwilini, akaenda kukaa mbele ya spika kubwa kama makabati zinazopiga singeli.

Alirudi kabla ya chakula, mtandio begani, viganja masikioni.

"Wamenitia mashetani kichwani," alisema. "Mrudishie Anwar vidude vyake."

Nikampigia Tupokigwe. Nilitegemea atachoka na sie. Alikuja kutoka Kimara alikopanga, mji mzima, akaingia chumbani kwa mama, akafunga dirisha, akamvisha mashine na kuanza kumuuliza habari za mapishi ya mchuzi wa papa. Hakumuuliza habari za masikio. Walikaa humo mpaka chai ikapoa. Mama alipotoka alikuwa nazo masikioni na uso wa mtu aliyepakwa pilipili.

"Kanga inapiga kelele," alilalamika. "Mate yangu yanapiga kelele. Na wewe Raudha, mbona unafoka?"

"Sifoki, mama."

"Unafoka. Tangu asubuhi unafoka."

Miaka nimepasua koo langu kwa ajili yake, ndiyo shukrani hiyo. Nikashusha sauti. Ilinichukua muda kuizoea sauti yangu mwenyewe, ilikuwa kama ya mgeni.

Akaanza kuvaa kila siku. Nikadhani tumevuka. Lakini nilisahau kitu kimoja, na Tupokigwe asingeweza kukijua: mama anatia udhu mara tano kwa siku, na kwenye udhu masikio yanapakwa maji. Kila wakati wa swala mashine zinavuliwa. Alipewa kikasha cha kuziwekea. Kikasha akakidharau. Akazifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofungia funguo, vidonge vyake vya presha, kila kitu cha thamani alichowahi kuwa nacho tangu avunje ungo.

"Kikasha kitapotea," alisema. "Pindo halijawahi kunipotezea kitu."

Sasa Jumatatu moja alisali adhuhuri, usingizi ukamchukua palepale kwenye mswala, akaamka akabadili kanga, ile ya mwanzo akaitupia kwenye nguo chafu. Mie nikaroweka. Nikatia sabuni, nikafikicha, na nilipokuwa naikamua ndipo kidole changu kilipogota kwenye kitu kigumu. Nilijua kabla sijafungua. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikalia kwa hasira, povu mpaka kwenye viwiko.

Mnadhani aliomba radhi? Alinitazama kama mie ndiye mwendawazimu.

"Mtoto wa kike wa pwani anafua kanga bila kupapasa pindo? Nani kakufunza?"

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Mwenyewe ndiye aliyenifunza, nikiwa mdogo, kwa kofi.

Tupokigwe alizichukua, akazifungua, akazikausha kwa vifaa vyao. Moja ilifufuka. Nyingine ilikwenda moja kwa moja. Nilimsubiri amgombeze mama, kwa kweli niliomba amgombeze, lakini aliuliza swali tu.

"Bibi, kitu gani hapa ndani hujawahi kukipoteza?"

Mama akafikiri. "Tasbihi yangu. Ilikuwa ya mama yangu."

"Na ukimaliza kusali unaishika?"

"Lazima niishike."

Nikashona kifuko kidogo cha kitenge chenye zipu, tukakifunga kwenye tasbihi kwa uzi mnene. Toka siku hiyo mama akitaka kutia udhu anavua mashine anaitia kifukoni, anasali, anavuta uradi, na vidole vikifika kwenye kifuko anavaa tena. Haikupotea tena. Mie nilikasirika kimoyomoyo kwamba mambo ya udhu yametatuliwa na Tupokigwe, Mkristo wa Moraviani, lakini niliunyamazia huo wivu wangu. Kubadili betri tu ndiko alikokataa, alisema vidole vyake ni vinene, kwa hiyo kazi hiyo ikawa yangu, na kila mashine ilipolia kuashiria betri inakufa, ulisikia "Raudha!" kutoka popote alipo.

Mfungo Sita ulikuwa unakaribia. Tupokigwe alisema sasa bibi anaweza kujaribu kazi yake, ila kwa mtu mmoja kwanza, mahali pakimya. Mama akamchagua Marijani, mwanafunzi wake bora, kijana mwenye mashavu ambaye ndiye angehitimishwa mbele ya watu. Akamwita ndani, akafunga dirisha. Mie niliambiwa nizime cherehani. Nikasikia henzerani ikianza mkekani, taratibu, kama siku zote. Halafu ikasimama.

"Rudia," alisema mama.

Marijani akarudia. Safari hii mie nilikuwa nimesimama mlangoni. Alianza aya kwa sauti nzuri, kisha sauti ikazama, midomo inacheza, mwili unakwenda mbele na nyuma, kooni ni mngurumo tu, na mwisho wa aya sauti ikachomoza tena, tamu, imenyooka.

"Katikati iko wapi?" mama aliuliza.

"Ndiyo hivyohivyo, bibi. Sie tunasomaga hivyo."

"Sie nani?"

Marijani akaona hapana pa kukimbilia. "Wote, bibi. Braza Salumu ndo alitufundisha. Mwanzo na mwisho unatoa sauti, katikati unatikisika tu."

Salumu ni mtoto wa Mama Salumu. Sasa anaendesha bodaboda. Alihitimu hapahapa kwetu, ikaliwa pilau, akavishwa kanzu mpya, mama akamwombea dua mpaka machozi yakamtoka.

Nilisubiri henzerani ipande. Haikupanda. Mama alimwambia Marijani aende nyumbani, akavua mashine, akaitia kwenye kifuko, akakaa na mikono mapajani. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitaka kwenda kumburuta Salumu kwa sikio kutoka kijiweni kwake.

Alipovaa mashine tena aliniuliza, "Wewe ulikuwa barazani siku zote hizo. Hukusikia?"

"Cherehani inalia, mama."

Akaitazama cherehani, akanitazama mie, akaliacha hilo.

Usiku huo nilimshauri. Nilimwambia funika kombe mwanaharamu apite: Marijani asome sura fupi anazozijua kweli, Sheikh amsikie mama akimrekebisha mahali pawili patatu, chuo kibaki chetu, na hao wengine tutawanyoosha wenyewe mbele ya safari. Nilieleza vizuri, kwa sauti ya kawaida. Hakusema Inshallah. Alisema, "Nimekusikia," akageukia ukutani akalala.

Sheikh Fakihi alipokuja kupanga mambo ya maulidi, mama alimkaribisha mkekani na hakuzunguka.

"Marijani hahitimu mwaka huu," alisema. "Na Salumu hakuhitimu. Sauti za katikati hazimo. Nilikuwa sisikii, wakanijua."

Sheikh aliinama. Ni mtu mzuri, sitamsingizia. "Bibi, jambo hili lisitiriwe. Tuletee watoto madrasa, tutawarekebisha kimyakimya. Hakuna atakayejua. Wewe pumzika na heshima yako."

"Aliyewahitimisha ni mie. Watu walikula pilau juu ya neno langu."

"Sawa, hawa wadogo. Na wale wakubwa walioshatawanyika? Utajuaje yupi alisoma na yupi alitikisika?"

"Sitajua. Wala sijui sikio liliondoka lini," mama alijibu. "Kwa hiyo nitawaita wote. Nipe mpaka Mfungo Sita mwingine. Nikishindwa, mkeka huu njoo uukunje mwenyewe."

"Wote, mama?" Mie nilishindwa kujizuia.

"Umenisikia," alisema.

Basi nikaenda naye, maana ningefanyaje. Aibu niliyoipata wiki zile sitaki kuisimulia yote. Alimfuata Salumu kijiweni, mbele ya wenzake na abiria aliyeshapanda, akamwambia asubuhi asipotokea na juzuu atakuja kumsikiliza palepale kwenye pikipiki. Alimfuata mke wa mtu anayekaanga vitumbua sokoni, mama wa watoto watatu, mikono imejaa unga. Alimfuata karani mmoja wa serikali ya mtaa ofisini, akakaa kwenye benchi la wenye shida mpaka zamu yake. Wengine walicheka. Mmoja alitufungia mlango, na mwingine alinivuta pembeni akaniuliza kama mama ameanza kuchanganyikiwa. Nilimwambia ameanza kusikia, ni ugonjwa mbaya zaidi.

Salumu alikuja, helmeti mkononi, jicho chini. Akafuata mwenye vitumbua. Kisha wakaanza kuletana. Sasa kila baada ya alasiri baraza langu lina watoto upande huu na watu wazima wenye ndevu na magoti mabovu upande ule, na cherehani haitakiwi kulia, kwa hiyo mie nashona alfajiri kama mwizi, na wateja wangu wananinunia. Mwenye kuuliza utaratibu huu utaisha lini anajibiwa na mama kwamba utaisha katikati zikipatikana.

Ijumaa iliyopita walikuwa wamekaa hivyo, Salumu akiwa mbele, anasoma kwa jasho, aya nzima, mwanzo mpaka mwisho. Nikamwona Sheikh Fakihi anavua viatu kwenye ngazi. Nilijua amekuja kukunja mkeka kabla ya wakati wake. Mama naye alimwona.

"Umekuja kuchukua watoto?"

"Hapana, bibi." Alikaa nyuma ya Salumu, kwenye foleni. "Ulisema wote. Na mie nilipita hapa."

Hakuna aliyecheka. Alisubiri zamu yake kama wengine. Ilipofika akasogea mbele, akakunja miguu, akaanza. Sheikh yule ana sauti, jamani, na kasoma mpaka nje za watu. Kama kuna mtu asiyehitaji kusikilizwa ni yeye. Mama alishika henzerani lakini hakuipiga. Na jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe, alifumba macho.

Akasoma, akasoma. Ghafla paji la uso la mama likakunjamana, akainua mkono. Sheikh Fakihi akakatiza neno. Salumu alijiinamia kwa ajili yake, na mie nikajiambia, ya rabi, kumbe hata huyu.

Mama akavua mashine sikioni. Niliinuka kwenda kumsaidia, akanionyesha kiganja nikae. Akafungua kifuko cha kwenye tasbihi, akatoa betri mpya, akaibandua kibandiko kwa kucha, akaitoa iliyokufa na kuitia mpya, kwa vidole vilevile ambavyo nimeambiwa muda wote huu ni vinene mno. Ile iliyokufa akaifunga kwenye pindo la kanga. Akavaa. Akamtazama imamu wetu usoni, mbele ya watoto na watu wazima wa Tandika.

"Rudia tangu mwanzo, Fakihi," alisema. "Hapo katikati sikusikia."